Mbu wa mikorosho, mbu wa chai na mbu wa minazi: je, ni jenasi moja?

Mwalimu wa Muheza aliandika:

Habari za jioni, wanajukwaa. Ninafundisha baiolojia katika shule ya sekondari hapa Muheza, na tangu muhula uliopita mimi na wanafunzi wangu tumekuwa tukitengeneza sanduku la wadudu wanaoshambulia mazao ya mkoa wetu wa Tanga. Kazi ilikwenda vizuri kwa bungua na vidukari, ikakwama tulipofika kwa mdudu ambaye kila mtu hapa humwita mbu wa mikorosho. Wanafunzi wa kidato cha kwanza walidhani tutaleta habari za malaria, ikanibidi nianze kwa kuwaeleza kwamba huyu hana uhusiano wowote na mbu wa kweli, kwani yeye hufyonza machipukizi, na jina amepewa kwa wembamba wake na miguu yake mirefu.

Tunao vielelezo vya makundi matatu. Kundi la kwanza ni wadudu wanne tuliowakamata alfajiri kwenye mikorosho iliyo nyuma ya nyumba za walimu. Kila mmoja ana urefu unaokaribia punje ya mchele, papasi zake zimeupita mwili kwa urefu, na katikati ya mgongo kuna kijiti kilichosimama wima chenye kichwa cha mviringo, mithili ya pini ya mshonaji. Mwanafunzi mmoja alipomtazama kwa lenzi ya mkono alisema, "Mwalimu, huyu amepigiliwa msumari." Kundi la pili ni wawili walioletwa na mwanafunzi ambaye wazazi wake wana shamba la chai kule Amani. Nao wana msumari, ila rangi yao imekolea zaidi. Kundi la tatu ni mdudu mmoja tu kutoka Pangani, aliyeokotwa kwenye kole la mnazi. Huyo ni wa kahawia, mnene, mkubwa karibu mara mbili ya wale wengine, wala hana msumari. Aliyemleta alisema kwao huitwa mbu wa minazi.

Naomba kusaidiwa mambo mawili. Kwanza, hawa wote ni jenasi moja, au jina la "mbu" limewakusanya watu wasio ndugu? Pili, nikijua jenasi, nitajuaje spishi? Nimeona mahali pengine imeandikwa kwamba jenasi ya Helopeltis ina spishi zaidi ya arobaini, na mahali pengine wanazungumza kana kwamba ni mdudu mmoja tu duniani. Kibandiko cha sandukuni lazima kiwe na jina, na nisingependa kuandika jina la kubahatisha, kwa sababu watoto watalikariri.

Mkulima wa Amani alijibu:

Mwalimu, pole na kazi. Mimi nalima chai, kwa hiyo nitasema kuhusu hao wawili wa kundi la pili. Hapa kwetu tunamfahamu kwa madoa anayoyaacha. Akichoma jani changa, mate yake huua tishu kuzunguka tundu, na kwa muda mfupi hutokea duara dogo lenye rangi ya majimaji ambalo baadaye hugeuka kuwa la kahawia na kukauka. Jani lenye madoa mengi hujikunja, na chipukizi likichomwa karibu na ncha hufa kabisa, mchumaji asipate kitu. Kwenye mkorosho nimeona doa lake ni refu na jeusi, limefuata shina la chipukizi au mshipa wa jani. Kwa hiyo mimi nilihitimisha zamani kwamba ni wadudu wawili tofauti, kila mmoja na zao lake.

Kuhusu jina, nina kijitabu cha zamani cha kilimo cha chai kilichoandikwa kwa ajili ya mashamba ya Assam, nacho kinamtaja mdudu wa chai kuwa ni Helopeltis theivora. Picha yake inafanana kabisa na huyu wetu, msumari na yote. Ninaona unaweza kuandika hilo kwa wale wa chai, na Helopeltis anacardii kwa wale wa mikorosho, kwani jina lenyewe limetokana na jina la kisayansi la mkorosho. Wa minazi simjui.

Kabati la Wadudu alijibu:

Mwalimu, hongera kwa kutotaka kubahatisha. Nami namshukuru dada wa Amani kwa maelezo ya madoa, maana ameyaeleza kama mtu aliyeyaona mara elfu. Hata hivyo, katika hitimisho lake kuna hatua mbili ambazo wengi huziruka, na hapo ndipo majina ya jenasi hii yamepotea njia kwa zaidi ya karne moja, tena mikononi mwa wataalamu.

Tuanze na yaliyo rahisi. Vielelezo vya kundi la kwanza na la pili ni Helopeltis bila wasiwasi. Mwanafunzi wako ametamka maana ya jina bila kujua: katika Kiyunani cha kale neno la kwanza ni msumari na la pili ni ngao ndogo. Sehemu ile ya pembetatu iliyo katikati ya mabega ya mdudu, ambayo sisi huiita ngao, ndiyo inayobeba kile kijiti. Jenasi hii ilianzishwa mwaka 1858 na Mfaransa Victor Signoret, kwa mdudu aliyetoka Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, akamwita Helopeltis antonii.

Jenasi imo katika familia ya Miridae, ambao ndio kunguni wa mimea hasa, na ndiyo familia kubwa kuliko zote katika kundi la kunguni wa kweli, ikiwa na spishi zaidi ya 11,000 zilizokwisha kuelezwa. Wanafunzi wataitambua kwa mambo mawili. Vile vijicho vidogo vya ziada vinavyokuwa utosini mwa kunguni wengi wengine hapa havipo, isipokuwa katika tawi moja dogo la familia. Jambo la pili ni kwamba bawa la mbele lina kipande cha pembetatu karibu na mwisho wa sehemu yake ngumu, kilichotengwa na mkunjo, nacho huitwa kabari. Mgeuze mdudu ubavu uone bawa linavyovunjika kwenda chini hapo kwenye kabari.

Ndani ya familia, Helopeltis iko katika nusufamilia ya Bryocorinae. Ngazi inayofuata, yaani kabila, imekuwa ikihamahama: vitabu vingi vya karne iliyopita vitakuonyesha jenasi hii chini ya Dicyphini, ilhali uchambuzi wa maumbile uliochapishwa mwaka 2016 uliwapa Monaloniini hadhi ya kabila linalojitegemea, na Helopeltis imo humo. Usishangae basi ukikuta majina mawili. Kwa kibandiko cha shule ningeishia kwenye nusufamilia.

Idadi uliyoiona ya zaidi ya arobaini ni sahihi. Hesabu ambayo imetumika kwa muda mrefu ni spishi 41, ambapo 26 ni za Asia ya kitropiki na visiwa vya kuelekea Australia, na 15 ni za Afrika. Za upande wa Asia zilipangwa upya na Gary Stonedahl mwaka 1991. Za Afrika zilifanyiwa kazi kubwa na Guy Schmitz, aliyechapisha utafiti wake mwaka 1968 katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, na ndiye aliyeunda nusujenasi ya Afropeltis kwa ajili ya wadudu wa bara hili. Sasa angalia jambo moja: katika zile 41 hakuna spishi hata moja iliyo wenyeji wa mabara yote mawili. Ndiyo maana Helopeltis theivora haiwezi kuandikwa kwa mdudu wa Amani. Yule ni wa Asia, aliyeelezwa na Waterhouse mwaka 1886. Kijitabu cha Assam kiko sawa kwa Assam. Picha kufanana si ajabu, kwa sababu Helopeltis wote wana umbo lilelile, msumari uleule na miguu ileile, na tofauti zao hazionekani pichani.

Na wala tusimcheke dada yetu, kwani wenzetu wa Asia walifanya kosa hilohilo kwa miaka mingi. Mdudu aliyekuwa akishambulia kakao huko Java na Malaysia aliandikwa Helopeltis antonii katika ripoti moja baada ya nyingine. Stonedahl alipokagua vielelezo vyenyewe alionyesha kwamba antonii halisi ni wa India ya kusini na Sri Lanka, na yule wa Java ni spishi nyingine, Helopeltis bradyi, iliyokuwa na jina lake tangu mwaka 1886 ila watu hawakulitumia. Tena kulikuwa na Helopeltis theobromae, jina lililotolewa mwaka 1939 kwa mdudu wa kakao, naye akaonekana kuwa ni theivora yuleyule wa chai. Kwa hiyo jina moja lilikuwa limefunika spishi mbili, na spishi moja ilikuwa imebeba majina mawili, yote kwa sababu watu walitanguliza kuuliza mdudu amekutwa juu ya mmea gani.

Hapa Afrika Mashariki majina utakayokutana nayo zaidi ni Helopeltis anacardii, aliyeelezwa na Miller mwaka 1954, na Helopeltis schoutedeni, aliyeelezwa na Mfini Reuter mwaka 1906 na kupewa jina la Henri Schouteden wa Ubelgiji. Huyu wa pili ameenea sana Afrika ya kitropiki na hula mimea mingi: pamba, chai, mkorosho na mingineyo. Wapo pia Helopeltis bergrothi na wengine. Kukutwa juu ya mkorosho, kwa hiyo, hakumfanyi mdudu kuwa anacardii. Anaweza kuwa schoutedeni aliyekuja kula kwa jirani. Na yale madoa mawili tofauti ambayo dada ameyaeleza husababishwa na mmea kuliko mdudu: tishu ya jani la chai na tishu ya chipukizi la mkorosho hazifi kwa namna moja.

Mzee wa Kaole alijibu:

Nimesoma kwa furaha. Nilikuwa bwana shamba kwa miaka mingi, sasa nimestaafu niko Bagamoyo na mikorosho yangu michache na minazi iliyozeeka pamoja nami. Nitajibu habari ya kundi la tatu, halafu nitaongeza neno juu ya hilo jina la anacardii, kwa sababu limekuwa likinisumbua tangu ujana.

Mwalimu, huyo wa Pangani si Helopeltis, wala si familia moja naye. Maelezo yako, mnene, wa kahawia, mkubwa karibu mara mbili, hana msumari, amekutwa mnazini, yanamwelekea Pseudotheraptus wayi wa familia ya Coreidae. Alielezwa na Brown mwaka 1955, na jina lake la pili linamkumbuka Michael Way, aliyemchunguza Unguja wakati minazi ilipokuwa ikidondosha vidaka. Mtazame utosini kwa lenzi: utaona vile vijicho vya ziada ambavyo Bwana Kabati amesema havipo kwa Miridae, na bawa lake halina kabari. Tukiwa kazini tulimwita pia kidung'ata. Huyu hupenda tunda kuliko chipukizi: kwenye mnazi huchoma vidaka, kwenye mkorosho huchoma korosho changa, na ukiibangua korosho iliyochomwa unakuta madoa meusi kwenye kokwa. Mkulima anayewaita wote "mbu" hajakosea kwa shughuli zake, maana hasara zote mbili hutokea shambani mwake msimu mmoja na wote hufukuzwa na chungu walewale wa maji moto. Kwa sanduku la baiolojia, hata hivyo, kuwaweka pamoja ni sawa na kumweka popo katika kisanduku cha ndege.

Sasa neno langu. Mkorosho si mti wa pwani hii. Asili yake ni Brazil, nao uliletwa na Wareno kuanzia karne ya 16. Bwana Kabati ametuambia spishi za Afrika ni za Afrika, na nijuavyo mimi Amerika hakuna Helopeltis hata mmoja. Kule wana jenasi nyingine ya jamaa zake, Monalonion, inayosumbua kakao. Basi mdudu tunayemwita wa mikorosho hakuja na mkorosho merikebuni. Alikuwa hapa, katika vichaka vyetu, akila kitu kingine kabla Mreno hajatia nanga, na mkorosho ulipopandwa ukachipua majani mororo baada ya masika, akahamia. Vivyo hivyo chai: imeingia Usambara mwanzoni mwa karne ya 20 tu, wakati wa Wajerumani. Jina la anacardii linatuambia mtaalamu alimpata wapi mara ya kwanza, halituambii kwao ni wapi. Nilipokuwa kazini tuliandika "wadudu wa zao fulani" katika kila ripoti, na sikumbuki hata siku moja tuliyoelekezwa kutazama vichaka vilivyo pembeni mwa shamba.

Niseme na kosa langu, lisije likawapata vijana wako. Nikiwa mgeni kazini niliwahi kukusanya zaidi ya thelathini, nikawatia wote katika chupa moja ya spiriti na pamba, nikawapeleka kwa basi mpaka kwenye ofisi ya utafiti. Walipofika, misumari ilikuwa imevunjika, papasi zimechanganyika kama mabua, na tumbo lililokuwa la kijani limekuwa la kahawia kwa wote. Nilijibiwa kwa mstari mmoja kwamba haiwezekani kutoa jina. Nilikasirika sana wakati ule.

Mwalimu wa Muheza aliandika tena:

Shikamoo, Mzee wangu, na asanteni nyote. Leo asubuhi tumemweka mdudu wa Pangani chini ya lenzi, na vijicho viwili vya utosini tumeviona vinang'aa kama mbegu za ufuta. Tumemtoa na kumpa kisanduku chake. Kuhusu vichaka vya pembeni, wanafunzi wamechangamka kuliko nilivyotarajia, na Jumamosi wanakusudia kukagua miti yote inayochipua kati ya bweni na mto.

Limezuka swali jingine. Katika kukagua tena machipukizi ya mkorosho tumepata vidudu vidogo sana vya rangi ya machungwa, visivyo na mabawa, vinavyotembea taratibu. Viwili kati yake vina kijiti mgongoni, ila kimoja, kidogo kuliko vyote, hakina. Je, hicho kisicho na msumari ni jenasi nyingine? Na kwenye kikonyo cha jani tumeona nywele mbili nyeupe zilizochomoza pamoja, moja fupi kuliko ya pili, ambazo hazing'oki kirahisi. Tena, Bwana Kabati, umesema tofauti za spishi hazionekani pichani. Zinaonekana wapi?

Kabati la Wadudu alijibu:

Mwalimu, mmepata hazina. Hizo nywele mbili ni yai. Jike wa Helopeltis hulichomeka yai lake ndani ya tishu laini ya chipukizi au kikonyo mpaka lizame lote, na kinachobaki nje ni nyuzi mbili za kupumulia zisizolingana urefu. Kateni kikonyo hicho kwa wembe, polepole, kwa urefu, mtaliona limelala humo kama punje iliyopinda kidogo. Na yule asiye na msumari ni mtoto wa wale wengine. Tunutu wa Helopeltis hupitia hatua tano kabla ya kuwa mdudu kamili, na katika hatua ya kwanza msumari bado haujaota. Baada ya kujivua gamba mara ya kwanza ndipo huchomoza, na kila hatua huongezeka. Mabawa huja mwisho. Kwa hiyo alama ileile iliyotupa jina la jenasi haimhusu mtoto wa siku mbili, na mtu asiyejua hilo angeweza kuandika jenasi mbili kwa mama na mwanawe.

Spishi zinaonekana katika viungo vya uzazi vya dume. Miridae wana jambo la pekee hapo: zile koleo mbili ndogo zinazomshika jike, ya kushoto na ya kulia, hazifanani. Ya kushoto ina umbo lake, ya kulia ina lake, na maumbo hayo pamoja na vijimiiba vilivyo ndani ya uume hutofautiana kati ya spishi na spishi kwa namna inayoaminika kuliko rangi. Rangi yenyewe hubadilika ndani ya spishi moja, na hata jike na dume wa mahali pamoja wanaweza kutofautiana. Ukolevu wa rangi wa wale wawili wa Amani kwa hiyo haunishawishi kitu. Ili kuviona viungo hivyo, ncha ya tumbo hukatwa na kupashwa moto katika maji ya potasi ili nyama iyeyuke na sehemu ngumu zibaki, kisha hutazamwa kwa hadubini ndani ya tone la gliserini. Naomba kazi hiyo usiifanye darasani, kwani potasi hiyo huunguza ngozi na macho. Siku hizi mguu mmoja tu waweza pia kutosha kusoma kipande cha jeni ya mitokondria na kulinganisha, na njia hiyo imetumika India kuwatenganisha antonii, bradyi na theivora. Hata hivyo ulinganishaji unahitaji kielelezo ambacho jina lake limethibitishwa kwa maumbile, vinginevyo unalinganisha kosa na kosa.

Nawaongezea kisa kimoja kwa sababu mko Tanga. Kule Amani, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo na baiolojia mwaka 1902, alifanya kazi mtaalamu wa wadudu aliyeitwa Julius Vosseler. Mfini mwingine, Poppius, aliyeandika juu ya Miridae wa Afrika mwaka 1912, alimwita mdudu mmoja kwa jina la Vosseler, akamweka katika jenasi ya Lygus. Mdudu huyo huchoma vitumba vya pamba na huzaliana pia kwenye masuke ya mtama. Huko Uganda katika miaka ya 1940 alichunguzwa kwa kina na T. H. C. Taylor, lakini chini ya jina la spishi nyingine, Lygus simonyi. Kosa hilo liliporekebishwa, likaja la pili: Lygus ilikuwa imegeuzwa kapu la kutupia kila kunguni mdogo wa kijani. Mwaka 1952 Leston aliwatenga hawa katika jenasi mpya na kuiita Taylorilygus. Leo mdudu huyo anaitwa Taylorilygus vosseleri, kwa hiyo jina lake linawabeba mtu wa Amani na mtu wa Uganda, ingawa huyo wa Uganda alikuwa amemwandika kwa jina lisilo lake. Nikisoma ripoti yoyote ya zamani inayotaja Lygus katika Afrika Mashariki, jambo la kwanza ninalofanya ni kuuliza kama vielelezo bado vipo kabatini, maana bila hivyo hakuna anayeweza kujua mwandishi aliona nini.

Sasa vibandiko. Kwa kundi la kwanza na la pili andika "Helopeltis sp." na usione haya. Chini yake weka mambo ambayo hakuna mtaalamu wa baadaye atakayeweza kuyarudisha yakipotea: mahali palipokamatwa mdudu, kwa jina la kijiji na mwinuko kama unaujua, tarehe, mmea aliokuwa akiula, na aliyemkamata. Ukiandika "mkorosho" hakikisha mlimwona akichoma, kwa kuwa mdudu aliyetua tu kupumzika ameharibu orodha nyingi za mimea. Msiwachome pini katikati, kwani mwili ni mwembamba mno na mtauvunja msumari wake kwa msumari wenu. Mgandisheni kila mmoja ubavuni kwenye ncha ya karatasi iliyokatwa pembetatu, kwa tone dogo la gundi inayoyeyuka kwa maji. Wachache, hasa madume, watengwe katika spiriti kali, kila mmoja na kichupa chake, na kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli kiwe ndani ya kichupa. Mzee wa Kaole anajua kwa nini nasema kila mmoja na kichupa chake.

Mzee wa Kaole alijibu:

Marahaba, Mwalimu. Ninajua, ninajua. Penseli pia mzingatie, wino wa kalamu ulinitoka wote njiani.

Mkulima wa Amani alijibu:

Nimekubali kusahihishwa, Bwana Kabati, na jina la theivora nimelifuta kwa kalamu katika daftari langu la shamba. Jambo moja nimelipima leo baada ya kusoma maneno ya Mzee. Kando ya kitalu changu cha juu kuna mpera uliojiotea, na machipukizi yake yamejaa madoa ambayo siku zote niliyachukulia kuwa ni ugonjwa wa mpera. Nimekwenda jioni jua lilipopoa, maana wakati wa jua kali hujificha chini ya majani, nikakuta wanne, wawili wakiwa wameshikana mkia kwa mkia. Hao wawili nimewatia katika kichupa kimoja kabla sijasoma maagizo yako, naomba radhi, ila wale wengine kila mmoja ana chake. Mwalimu, mwanangu atakuletea Jumatatu.